Magamba Yanayoelekea Bwaloni

Jumapili, 2 Machi

Mvua imeanza leo alasiri, na kwa bahati yangu ninavyoijua, nilikuwa nimeanika udongo nje. Mume wangu alitoka mbio na turubai, mimi nikatoka mbio na maneno. Udongo umepona nusu.

Daftari hili ni la tanuri. Kazi yake ni kuandikwa saa za moto na idadi ya vilivyopasuka. Kuanzia leo litabeba na mengine, maana nisipoyatoa humu nitamtolea mtu.

Habari ndiyo hii. Shule ya watoto wasioona, ile ya juu ya mteremko, imejenga bwalo jipya mwisho wa korido ndefu. Kwa sasa watoto hupelekwa kula kwa foleni, kila mmoja mkono begani kwa mwenzake, mwalimu mbele. Mkuu wa shule, mama mmoja ambaye akishaamua kaamua, hataki tena foleni hiyo. Anataka ukuta: vigae vya mkono arobaini na vinne, mstari mmoja, usawa wa kiuno cha mtoto. Mtoto akipitisha mkono, ukuta wenyewe umfikishe. Shule inafunguliwa Jumatatu ya tarehe 5 Mei. "Siku hiyo," aliniambia, "nataka watoke darasani wenyewe na wafike wenyewe. Wasipofika nang'oa vyote, naweka bomba la chuma la kushikilia."

Bomba la chuma! Mimi nimefinyanga vigae miaka ishirini na sita. Maua, nyota, maua tena. Tangu vya kiwandani vijae madukani, watu wananiita fundi kwa heshima tu, na tanuri langu linaota nyasi pembeni. Bomba la chuma halitanishinda, hilo naapa.

Wazo ni langu na najisifu nalo: magamba ya samaki. Mpapase samaki kutoka kichwani kwenda mkiani, ni laini. Rudisha mkono, anakukwaruza. Basi mtoto akielekea bwaloni ukuta uwe laini, akielekea upande mwingine umkwaruze kidogo. Hata wa miaka sita ataelewa.

Lakini hakuna masika yasiyo na mbu, na mbu wangu ni wifi. Dada wa mume wangu haoni tangu akiwa na miaka tisa. Anasahihisha vitabu vya nukta nundu pale pale shuleni, na Mkuu amemteua yeye kuvikagua vigae vyangu na kusema vinafaa au havifai. Huyu wifi hajakanyaga kwangu miaka minne. Aliugua homa, nikaenda kumuuguza wiki nzima, nikamsafishia jiko lake na kulipanga upya mpaka likapendeza, na shukrani niliyopata ni kununiwa. Nikimpigia simu anaomba nimpe kaka yake. Sasa riziki yangu iko vidoleni mwake.

Jumatatu, 3 Machi

Mvua.

Jumamosi, 8 Machi

Wifi amekuja. Mume wangu alikwenda kumchukua, akamfikisha mpaka kwenye kiti, halafu ghafla akakumbuka ana betri ya kununua. Yule bwana akiwa kati yangu na dada yake hukumbuka mambo mengi sana.

"Hujambo, wifi."

"Sijambo, wifi. Kiko wapi?"

Hakuna za siku nyingi, hakuna pole na mvua. Nikampa kigae cha mfano, ambacho nilikipenda kama mwanangu: magamba mazito, rangi ya buluu, na juu yake rangi ya kung'arisha niliyoipaka mara tatu, ile inayoyeyuka motoni ikawa kama kioo. Akapitisha vidole mara moja, akasimama.

"Wifi, hiki ni kigae au kipande cha sabuni?"

"Ni magamba!"

"Yako wapi?"

Nilikichukua nikakitazama. Kila gamba naliona. Nikafumba macho, kwa hasira tu, ili nimwonyeshe. Ikawa sabuni. Rangi ya kung'arisha ilikuwa imejaza mifereji yote, na nilichokuwa nakiona muda wote ni vivuli vya rangi. Miaka ishirini na sita nauza vitu ambavyo sijawahi kuvigusa nikiwa nimefumba macho.

"Na jambo lingine," akasema. "Unapapasa kwa ncha za vidole, kama mtu anayetafuta sarafu chini ya kitanda. Sisi tukitembea tunagusa ukuta kwa mgongo wa vidole." Akaushika mkono wangu, akaugeuza, akaupitisha kwenye ukuta wa karakana yangu mwenyewe. "Ncha ni za kusomea. Huwezi kuzichosha ukutani. Gamba lako liseme na mgongo wa kidole, na lisimchubue mtoto."

Nilitaka kubisha, nikakosa la kubisha. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka sasa ninapoandika.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Nimepasua kigae cha mfano kwa nyundo. Nimejisikia vizuri.

Alhamisi, 13 Machi

Kwa kawaida nachonga moja kwa moja kwenye plasta ngumu kupata kalibu, halafu nabandika udongo ndani ya kalibu na kuukandamiza. Ninapochimba, kwenye kigae panatokeza. Lakini shimo kwenye plasta wifi hawezi kulipapasa akajua kigae kitakuwaje. Kwa hiyo safari hii nimechonga kigae kimoja cha udongo kwanza, akipapase na kukikubali, ndipo nikimwagie plasta kupata kalibu. Kazi inaongezeka siku mbili, ila sitaki kuitwa muuza sabuni mara ya pili.

Nimechonga tangu asubuhi. Mkono wangu unakwenda wenyewe, mimi nasikiliza redio na kutukana mawingu.

Jumamosi, 15 Machi

Wifi kaja tena. Safari hii mume wangu alikumbuka rafiki yake mgonjwa.

Nilimpa kigae kikiwa bado kibichi. Alikipakata, akakipitishia mgongo wa vidole, kwenda na kurudi, mara nyingi, uso wake umeinuka kama anasikiliza nyumba ya jirani. Nilikuwa nimesimama nimeshika pumzi. Mwanamke mzima!

"Hiki kinasema," akasema.

"Kinakwaruza?"

"Kinakwaruza bila kuchubua. Usikipake ile sabuni yako."

"Nitapaka nyembamba, naifuta juu kwa kitambaa, ibaki pembeni tu ili kisishike uchafu."

"Haya."

Chai hakunywa. Lakini "kinasema" alisema, na mimi nimeimba jikoni jioni nzima. Mume wangu aliporudi alidhani nimepata habari za urithi.

Jumatatu, 24 Machi

Vigae hamsini vimekamilika, vibichi, vimepangwa kwenye mbao. Arobaini na vinne vya ukuta na sita vya akiba. Mvua haijakatika siku tisa.

Alhamisi, 27 Machi

Havikauki. Kigae ukikiweka shavuni kikawa cha baridi, ndani kuna maji. Ukikitia motoni kitapasuka. Kila asubuhi naviweka shavuni kimoja kimoja. Leo mume wangu kanikuta.

"Samahani, sikujua una mgeni."

"Toka."

"Hapana, nauliza tu kama nimebusiwa mimi leo."

Nilicheka bila kupenda. Vigae bado ni baridi.

Ijumaa, 28 Machi

Baridi.

Jumamosi, 29 Machi

Baridi. Mkuu amepiga simu kuuliza kazi imefikia wapi. Nimesema inaendelea vizuri. Mungu anisamehe.

Jumatano, 2 Aprili

Nimetumia akili yangu ya haraka: nimewasha jiko la mkaa katikati ya karakana ili hewa ikauke. Vitatu vilivyokuwa karibu na jiko vimejikunja kama viatu vya zamani. Haraka haraka haina baraka. Tunafundishwa tukiwa wadogo, tunasahau tukiwa wafinyanzi. Vimebaki arobaini na saba.

Jumamosi, 5 Aprili

Kwa kuwa nangoja, nimechora. Kila kigae kina ua dogo la buluu katikati ya magamba, shina chini, majani mawili. Ni rangi tupu, haina unene wowote, kidole hakiwezi kuitambua. Nimempigia wifi simu nimwambie, nisije nikaambiwa nimeficha.

"Ua la nini?"

"La wenye macho. Na wao wapate chao."

"Mimi rangi hainihusu," akasema. "Nipe kaka yangu."

Huyo ndiye wifi yangu.

Jumatano, 9 Aprili

Si baridi! Nimeviweka shavuni vyote, vimekuwa kama ukuta wa ndani. Nimemwita mume wangu naye aweke shavu. Amesema ni vikavu na kwamba sasa amenikuta na wageni arobaini na saba.

Ijumaa, 11 Aprili

Moto wa kwanza. Kuni mbichi, moshi, macho mekundu. Viwili vimepasuka. Arobaini na vitano vimetoka salama, vinalia vizuri ukivigonga. Ninavyovihitaji ni arobaini na vinne, maana yake nina akiba ya kimoja tu, na tarehe 5 Mei inakuja mbio kuliko mimi.

Jumapili, 13 Aprili

Leo nitaandika mengi, maana sina usingizi wa mchana wala hamu ya kuongea na mume wangu.

Wifi alikuja kukagua vilivyochomwa. Nilivipanga kwenye kreti mezani, akawa anatoa kimoja kimoja, anakisoma, anakiweka kando. Nikaona kitu. Kwa mgongo wa vidole anatumia mkono wa kulia, lakini akitaka kuhakiki ufa mdogo anahamia kidole cha shahada cha kushoto. Namjua tangu nilipoolewa. Alikuwa anasoma kwa kulia, haraka mpaka tunamtania kwamba anaruka kurasa.

"Tangu lini unasomea kushoto?"

"Tangu uliponipangia jiko."

Nikadhani ananisimanga. Nikasema, "Wifi, lile jiko tutalizungumza mpaka lini? Nilikuja kukusaidia."

"Najua ulikuja kunisaidia." Akaweka kigae chini taratibu. "Kisu changu kilikuwa kinakaa kushoto kwa sinki, kimelala, makali yameelekea ukutani. Miaka kumi kilikuwa hapo. Ulipoondoka nilikitafuta. Sikukiona hapo. Nikapapasa juu ya rafu, na wewe ulikuwa umevisimamisha visu vyote kwenye jagi, makali juu."

Nililikumbuka lile jagi. La kijani. Nililipenda, nikaona linapendeza pale.

"Kilikata ncha hii mpaka ndani," akasema, akainua kidole cha kulia. "Pakapona, lakini pamekuwa na ganzi. Pale ndipo nilipokuwa nasoma. Ilinichukua mwaka mzima kukifundisha cha kushoto, na shuleni walikuwa wameshaanza kutafuta mtu mwingine."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Miaka minne namwita mtu asiye na shukrani, nasimulia kwa majirani, nasimulia kwa mashoga zangu, wanatikisa vichwa, wananiambia shukrani ya punda ni mateke. Na huko mwenzangu anakaa na vitabu vya watoto anajifunza kusoma upya.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilimwambia kaka, nikamkataza asikwambie. Nilitaka uulize mwenyewe. Wiki ya kwanza nikasema ataniuliza. Mwezi nikasema ataniuliza. Wewe ukawa unauliza kwa nini nimenuna, na hilo si swali, hiyo ni lawama."

Nililia. Sikulia kwa adabu, nililia makamasi, mikono ina udongo, sina hata pa kujifutia. Nikamwambia nimekosa, naomba radhi, sikujua na nilipaswa kujua, kwa sababu ile ilikuwa nyumba yake na mimi niliipanga kwa macho yangu. Nikamwambia jagi lile natamani ningelivunja.

"Nilishalivunja," akasema wifi. "Siku ile ile."

Tukacheka wote wawili, mimi bado nalia. Halafu akasema koo limekauka, je, kwenye nyumba hii chai imekatazwa? Amekunywa vikombe vitatu. Vigae vyote arobaini na vitano amevipitisha.

Mume wangu alirudi jioni akakuta dada yake bado yupo, tunazungumza. Akataka kukumbuka kitu. Nikamwambia kaa. Miaka minne ulijua! Akasema alikatazwa, na mwanamume aliyekatazwa na dada yake na kununiwa na mke wake afanye nini. Leo simsemeshi. Kesho labda.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimemsemesha. Kosa moja haliachi mume.

Alhamisi, 24 Aprili

Moto wa pili, wa rangi ya kung'arisha. Nimeipaka nyembamba na kuifuta kama nilivyoahidi. Nimefungua tanuri nikiwa nimefumba macho, nikaingiza mkono kwanza, vikiwa bado na vuguvugu. Magamba yote yapo. Hakuna kilichopasuka hata kimoja. Arobaini na vitano! Mvua inanyesha na sijali.

Jumanne, 29 Aprili

Mvua. Kufungasha. Mume wangu amebeba kreti zote mwenyewe bila kukumbuka popote pa kwenda.

Ijumaa, 2 Mei

Nimeoga, nimekula, nimekaa. Sasa naweza kuandika.

Fundi wa vigae alianza kubandika saa nne asubuhi. Ni mzee mmoja mwembamba anayeitwa Pima Maji, kwa sababu hatoki bila pima maji yake, na watu husema hata kitandani hulala nayo aone kama godoro limenyooka. Korido ilikuwa baridi, kuta zinatoa jasho kwa unyevu. Alibandika kimoja baada ya kingine, maua yote shina chini, mstari umenyooka kama uzi. Ilipofika saa nane kasoro kimebaki kimoja cha akiba kwenye kreti, na Mkuu amesimama katikati ya korido mikono kifuani, anatabasamu. Mimi nilikuwa nimevimba kichwa, siwezi kusema uongo.

Wifi akaja kufanya jaribio. Akasema hataki kuanzia mlangoni, maana korido anaijua, atajidanganya. Akatuomba tumsimamishe katikati na kumzungusha mara tatu, kama mchezo wa watoto. Pima Maji akamzungusha kwa heshima zote. Wifi akanyoosha mkono wa kulia, akaupata ukuta. Akageuza mgongo wa vidole. Akapapasa huku, akapapasa kule, akachagua upande ulio laini, na akaondoka.

Alitembea vizuri! Haraka, kichwa juu, mkono hauachi ukuta. Ilinichukua hatua zake kumi kuelewa kwamba amelipa bwalo mgongo. Nikaanza kumkimbilia, nikachelewa. Wifi akafika mwisho, akapata mlango, akausukuma, akasimama. Akavuta pumzi puani.

"Wifi," akaita kutoka kule, "watoto ndio watakula humu?"

Alikuwa amefika chooni.

Niliushika ukuta. Mkono wangu mwenyewe ukaniambia: laini kwenda chooni, kukwaruza kwenda bwaloni. Vyote arobaini na vinne. Na papo hapo nikajua ni lini na ni vipi. Nikichonga kwenye plasta, kilichoko kulia hutokea kushoto, kama kwenye kioo. Kwa hiyo miaka yote hii mkono wangu umezoea kuchora kinyume bila hata kuniuliza. Lakini safari hii sikuchonga plasta, nilichonga kigae chenyewe. Kinyume haikuhitajika. Mimi nikasikiliza redio, mkono ukachora kinyume kama kawaida yake. Na wifi nilimuuliza kama magamba yanakwaruza. Yanakwaruza kuelekea wapi, hakuna aliyeuliza, maana kigae alikuwa amekipakata.

Nikawaeleza.

"Vipya vitachukua muda gani?" Mkuu akauliza.

"Kwa mvua hii? Wiki saba."

"Ni Ijumaa leo," akasema. Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu. Akatazama ukuta, akaitazama saa yake, na mimi nikaona kabisa akilini mwake bomba la chuma linapita pale kwenye maua yangu. Nikaketi juu ya ndoo ya Pima Maji. Nilifikiria watoto wanafuata ukuta wakiwa na njaa wanafika chooni, na jinsi watakavyoisimulia hadithi hiyo mpaka wazeeke.

Wifi alikuwa amerudi kwa ule ule ukuta, safari hii akifuata mkwaruzo. Akasimama mbele yangu.

"Kigae kina pembe ngapi?"

"Nne. Wifi, niache."

"Pande zote ziko sawa?"

"Sawa. Mraba."

"Basi si uvipindue, cha juu kiwe chini. Laini itahamia upande wa pili."

Nikamtazama. Nikainuka kwenye ndoo, nikakichukua kile kimoja cha akiba kwenye kreti, nikakigeuza juu chini, nikakipitishia mgongo wa vidole. Laini kwenda kulia. Kuelekea bwaloni.

"Lakini maua," nikasema. "Maua yatakuwa kichwa chini, miguu juu."

"Kwa nani?" akauliza wifi.

Jamani. Hata Pima Maji alicheka, na yule mzee kucheka kwake ni kukohoa. Mkuu akasema wageni wataona, mfadhili atakuwepo na wapiga picha. Halafu akasema, "Wacha waone."

Sasa kuvibandua. Saruji ilikuwa na saa nne tayari kwa vile vya mwanzo. Pima Maji akapiga magoti kwenye kigae cha kwanza kabisa, akaingiza mwiko kwa chini, taratibu kama mtu anayetoa mkate kwenye chombo. Nilifumba macho. Nikasikia kitu kama busu zito, nikayafungua. Kigae kiko mkononi mwake, kizima.

"Mbichi," akasema. "Kwa unyevu huu saruji haijashika. Kungekuwa na jua, mama, ungevitoa kwa nyundo."

Mvua hii niliyoitukana miezi miwili! Nilicheka mpaka Mkuu akaniletea maji. Tukajigawa: Pima Maji anabandua, mimi nakwangua saruji mgongoni mwa kigae, mume wangu, ambaye nilimpigia simu akafika kabla sijakata, anaviosha, na Mkuu wa shule mzima amekunja mikono ya gauni anachanganya saruji mpya. Wifi yeye alikuwa mwisho wa mstari. Kila kilichobandikwa alikipitishia mkono na kusema "sawa" kabla hatujaenda kwenye kinachofuata. Cha thelathini na moja kilimponyoka mume wangu kikavunjika. Alinitazama kama mtuhumiwa. Nikampa kile cha akiba, sikusema neno, na atanikumbuka kwa wema huo mpaka anaingia kaburini.

Saa kumi na mbili jioni tulimaliza. Wifi akasimamishwa katikati, akazungushwa mara tatu, akapata ukuta, akachagua. Akatembea. Tulimfuata wote nyuma kimya kimya kama kuku. Akafika mlangoni, akausukuma, akanusa.

"Rangi mpya na mbao," akasema. "Hapa kweli pana meza."

Nilimkumbatia mpaka akasema namvunja mbavu. Nimerudi nyumbani miguu haifiki chini. Nimeshusha pumzi niliyoibeba tangu Machi.

Jumapili, 4 Mei

Nimelala kutwa. Mume wangu amepika. Kimeliwa.

Jumatatu, 5 Mei

Shule imefunguliwa.

Wageni walisimama upande mmoja wa korido. Mfadhili, mzee wa tai na viatu vya kung'aa, aliyatazama maua yangu kwa muda mrefu, akainamisha shingo kulia, akainamisha kushoto. "Mbona yamepinduka?" akamuuliza Mkuu kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwambia mwenzake zipu iko wazi. Kabla Mkuu hajajibu, wifi akasema, "Fumba macho, mzee, nipe mkono." Akaugeuza mkono wake kama alivyougeuza wangu, akaupitisha. Mzee akaenda hatua tatu amefumba macho. Aliporudi hakuuliza tena habari za maua.

Kengele ya chakula ikalia. Milango ya madarasa ikafunguliwa, na watoto wakatoka, wakaanza kupapasa hewani wakitafuta mabega ya wenzao kama walivyozoea. Mwalimu wao akawaambia, "Leo hakuna foleni. Mkono ukutani. Fuateni palipo laini."

Walisimama. Sitausahau ule ukimya. Watoto sitini wamesimama na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza, na mimi nimeshika mkono wa wifi, au yeye kashika wangu, sijui. Msichana mmoja wa mbele, suruali fupi, mafundo mawili ya nywele yamesimama kama pembe, akagusa ukuta. Akageuza mgongo wa vidole. Akaenda kushoto kidogo, akakwaruzwa, akarudi. "Ni samaki!" akasema. Akaondoka polepole, akiongea peke yake: laini, laini, laini. Nyuma yake wa pili. Nyuma yake watatu pamoja. Msichana akafika mlangoni, akausukuma, na tukasikia sauti yake ndani ya bwalo tupu: "Nimefika! Nimefika mimi!"

Basi ikawa vurugu. Wote walitaka kufika. Mikono ukutani, wanasukumana, wanacheka, wanakwenda mwendo wa miguu na kisha mwendo wa mbio, viatu vinapiga sakafu korido nzima, na Mkuu akaruka mbele akapiga kelele kwa sauti yake yote:

"Msikimbie! Nimesema msikimbie kwenye korido!"

Halafu akajisikia alichosema. Akaweka kiganja mdomoni, akabaki amesimama vile vile, machozi yanamtiririka.

"Miaka kumi na tisa niko hapa," akasema, "sijawahi kuwa na sababu ya kusema hivyo."

"Basi rudia," wifi akamwambia. "Hawajasikia."